Kengele Isiyo na Mnyapara

Masomo ya kusomwa kwanza: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Danieli 6:10, Luka 10:38–42, Yohana 12:1–2.



Wazee wa mtaa walituomba tuandike somo juu ya kumthamini Mungu katika siku za kazi, mbali na Jumapili. Tulikubali upesi, kama ilivyo desturi ya walimu wastaafu wakiombwa kufundisha tena, kisha tukakaa na kalamu siku kadhaa bila kuandika neno. Kusema kwamba Mungu ni wa kwanza ni rahisi, wala hakuna Mkristo atakayebisha. Kazi ni kuonyesha ni wapi jambo hilo laonekana katika siku ya mtu wa Tanga mwenye shamba la mihogo, au meza ya dagaa, au bodaboda ya mkopo.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani bei na thamani. Bei hutajwa kwa mdomo. Ukipita soko la Mgandini asubuhi utatajiwa bei nyingi kabla hujafika upande wa pili, na nyingine hata mwenye kuzitaja haziamini. Thamani haitajwi, huonekana kwa yale mtu ayafanyayo. Mvuvi ashukapo pwani na nyavu zake, hata awe na njaa namna gani, atazitazama kwanza mahali zilipotatuka ndipo aende kula. Hakuna aliyemwuliza kama anazithamini. Kadhalika Bwana wetu, katika mfano wa mfanya biashara na lulu (Mathayo 13:45–46), hatusimulii jinsi mtu yule alivyoisifu lulu. Atusimulia yale aliyoyaacha ili aipate.

Basi swali la somo letu ni fupi: katika siku ya jana, ni kitu gani tulikiweka chini kwa ajili ya Mungu?

Sisi wenyewe tulilijibu vibaya. Kwa zaidi ya miaka thelathini tulifundisha katika chuo cha ualimu, tukiwaonyesha vijana jinsi ya kutengeneza azimio la kazi na andalio la somo. Kila mwaka tuliwaambia maneno yale yale, kwamba kisicho na nafasi kwenye ratiba hakifundishwi, hata kama mwalimu anakipenda sana. Baada ya kustaafu tulifungua sanduku la shajara zetu za zamani tukitafuta hati ya kiwanja, na badala ya kutafuta tukaanza kusoma. Mlikuwamo vikao, madeni, ada za watoto, magunia ya mahindi, tarehe za kufuatilia malimbikizo ya mshahara. Mungu alikuwamo pia. Ameandikwa kwa neno moja, Misa, katika Jumapili kadhaa, na ameandikwa kwa kirefu kidogo siku zile tulizougua au mtoto alipokuwa akingoja matokeo ya mtihani. Kama shajara zile zingekuwa kazi ya mwanafunzi wetu, tungemrudishia kwa wino mwekundu.

Hapa kwetu jambo la kumpa Mungu nafasi katika siku lina historia, na vijana wengi hawaijui. Wamisionari wa UMCA walifika nchi ya Bonde mwishoni mwa miaka ya 1860 wakafanya makao Magila, mahali palipokuja kuitwa Msalabani kwa jina la kanisa la Msalaba Mtakatifu. Walileta shule na dawa, na baadaye mtambo wa kupigia chapa. Lakini walileta pia kengele, na kwa kengele siku ikagawanyika. Kadiri miaka ilivyoendelea desturi ya sala ya Malaika wa Bwana ikashika mizizi. Kengele yake hulia asubuhi, saa sita mchana na jioni. Hupigwa mara tatu, kisha tatu, kisha tatu tena, na mwisho mara tisa. Wenye kuisikia hukumbuka habari ya Malaika Jibrili kwa Bikira Mariamu, na jinsi Neno alivyotwaa mwili akakaa kwetu. Wazee wetu walitusimulia kwamba aliyekuwa akipalilia alisimama, na aliyebeba mtungi aliutua. Sala yenyewe ni fupi. Mtu huimaliza kabla jasho halijakauka.

Tunaomba mwangalie jambo moja katika sala hiyo, maana somo lote limeegemea hapo. Ndani yake hamna ombi la mvua, wala la mahindi, wala la ada ya shule. Ni kusimama na kukumbuka alilolifanya Mungu.

Miaka michache iliyopita mama watoto alilazwa hospitali majuma matatu. Hatutaeleza ugonjwa wake. Yatosha kusema kwamba juma la kwanza madaktari hawakutuambia neno la kutumaini, nasi hatukuthubutu kuwauliza. Kila siku tulipeleka chakula saa za kuona wagonjwa, na saa za mchana zilianza kabla ya saa sita kidogo.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Bonde, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, mguu wake umevunjika. Siku ya kwanza alituita.

"Mwalimu, saa sita imefika?"

Tulitazama simu tukamwambia bado dakika nne. Akashukuru. Tuliporudi kumimina uji tukamwona anafanya ishara ya msalaba, midomo inacheza. Siku ya pili vivyo hivyo. Alituuliza, tukamjibu, akasali, nasi tukaendelea na simu, kwa maana kulikuwa na ndugu wengi wa kujibiwa. Siku ya tatu alipokwisha kusali alitugeukia.

"Wewe si mzee wa kanisa?"

"Ndiye, bibi."

"Basi mimi nakuuliza saa, na wewe unanipa saa tu."

Wale wanaotufahamu wanajua kwamba si rahisi mtu kutukosesha jibu. Siku ile tulikosa. Siku ya nne tuliizima simu, tukasimama kando ya kitanda chake tukasali naye, na mama watoto, ambaye hakuwa ameongea tangu asubuhi, akaitikia. Tulipomaliza tulimwuliza bibi kwa nini hakuongeza ombi juu ya mguu wake, kwa kuwa tulimwona usiku uliopita akilia kwa maumivu. Alitutazama kama tunavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo lililo ubaoni.

"Mguu nimeuomba asubuhi. Saa sita ni yake."

Tumeyafikiri maneno hayo mara nyingi kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. Sisi, ambao kwa miaka mingi tuliongoza sala za asubuhi mbele ya wanachuo, tuligundua kando ya kitanda kile kwamba tulijua namna moja tu ya kusema na Mungu, nayo ni kuomba kitu. Na majuma yale tuliomba kweli kweli, usiku na mchana. Lakini mtu ambaye huja kwako siku ya shida tu, akapata au akakosa, akaondoka, wewe hukumwita rafiki. Ulimwita mwenye shida. Hatusemi kwamba ni dhambi kuomba. Bwana wetu mwenyewe ametufundisha kuomba mkate wa kila siku. Lakini katika sala ile aliyotufundisha jina la Baba na ufalme wake na mapenzi yake vimetangulia, mkate ukafuata.

Mama watoto alitoka hospitali, na sasa hutembea kwa fimbo. Wala hatusemi alipona kwa sababu ya sala ya saa sita. Tungesema hivyo, tungekuwa tumerudi kule kule kwenye kumpima Mungu kwa faida, kama yafanyavyo mahubiri mengine tunayoyasikia siku hizi redioni, ambamo mtu huambiwa atoe kwanza ili apate mara saba. Katika wodi ile ile walikuwamo waliosali vizuri kuliko sisi na jamaa zao wakafa.

Katika siku zile bibi alitusimulia maisha yake, maana mchana wa hospitali ni mrefu. Ujana wake aliutumia katika shamba la mkonge. Wasomaji wetu wengi ni watoto wa mkonge, lakini tuwakumbushe wadogo: mmea huu uliletwa na Mdachi mmoja, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yote tuyaonayo kandokando ya reli kutoka Tanga hata Korogwe na kuendelea, na ilipofika mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bibi alikuwa akianika singa nje ya korona. (Korona ya mkonge, wajukuu zetu, ni kiwanda cha kukamulia majani, jina hilo lilikuwako Tanga zamani kabla ya ule ugonjwa.)

Kazi ya mkonge ilihesabiwa kwa kipande. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yenye nafasi za siku thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Kadi ikijaa, hulipwa. Siku ambayo haikutiwa alama ilikuwa kama haikuwako duniani. Kuna waliotumia hata Jumapili ili wakijaze kipande upesi, na tusiwahukumu, kwa kuwa watoto walikuwa wakingoja unga. Bibi alisema shambani kwao kulikuwa na kengele mbili. Ya shamba ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa, kikigongwa alfajiri watu hukimbia gizani, wengine hawajafunga khanga vizuri. Ya pili ilikuwa ya kanisa dogo upande wa kambi.

"Ile ya kanisa haina mnyapara," alituambia. "Usipokwenda hakuna anayekuandika. Ndiyo maana ilinifundisha."

Hapo tuliona tofauti ambayo darasani hatukuiona. Mengi tuyafanyayo kwa saa yake, twayafanya kwa sababu ya mnyapara. Mwajiri anaandika, benki inaandika, shule ya watoto inaandika, na kikundi cha kuweka na kukopa kinatoza faini kwa mchelewaji. Mungu hakutuwekea faini ya saa sita. Ametuachia, na katika kuachiwa huko ndimo thamani tunayompa inamoonekana, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kutusukuma. Na simu zetu, ambazo nazo hazina mnyapara, twaziitikia hata kabla ya kunawa uso.

Tuna jambo la kukiri juu ya majirani zetu pia. Sisi Wakristo wa pwani twaishi pamoja na Waislamu, twazikana na twaalikana arusi. Katika barabara yetu yuko mwenye duka ambaye adhuhuri ikifika huweka kiti mlangoni, akaenda msikitini. Wateja hungoja. Hakuna anayenung'unika, hata sisi hungoja na mfuko wetu wa sukari. Hatuandiki haya kwa kushindana. Imani yetu twaijua na yake anaijua. Lakini tulijiuliza, kama sisi tungekuwa na duka, je, tungethubutu kuweka kiti? Twaogopa kwamba tungesema Mungu anajua moyo wetu, tukaendelea kupima sukari.

Neno hilo la moyo ndilo pingamizi kubwa la somo hili, nasi tumelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wema. Husema: Mungu yuko mahali pote na saa zote, kwa nini tumfungie katika saa maalumu? Mimi husali nikiwa njiani, nikiwa jikoni, moyoni mwangu. Nao huleta habari ya Martha na Mariamu, wakisema Martha alikemewa kwa sababu ya kazi, nasi hatuwezi kuacha kazi, basi tusali tukifanya kazi.

Tuangalie vizuri habari hiyo. Akina mama wa Umoja wamelalamika kwetu zaidi ya mara moja kwamba Martha huonewa katika mahubiri, na tunaona wana haki. Wageni walikuwa wamekuja, tena wa safari, na chakula hakijipiki. Bwana wetu hakusema neno baya juu ya chungu. Alimwonyesha Martha kwamba amehangaika kwa mambo mengi, moyo wake umegawanyika vipande. Sasa fungueni Yohana 12. Ni Bethania tena, na Bwana yupo mezani pamoja na Lazaro, na Martha anafanya nini? Anatumikia, vile vile kama mara ya kwanza, wala hakuna anayemkemea. Kazi ni ile ile. Hatuambiwi kilichotokea moyoni mwake katikati ya karamu hizo mbili, isipokuwa kwamba ndugu yake alikufa na Bwana alimfufua, na kwamba Martha alikwenda njiani kumlaki akamkiri kuwa ndiye Kristo (Yohana 11:27). Labda mtu aliyekwisha kumtazama hivyo aweza kurudi kwenye chungu bila kuhangaika. Hayo ni mawazo yetu. Padre aweza kutusahihisha.

Wako walioweza kweli kusali wakifanya kazi siku nzima. Anayejulikana sana ni Ndugu Lawrence, mtawa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1691. Ujanani alikuwa askari akajeruhiwa, kisha akaingia katika nyumba ya watawa Paris akawekwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Baada ya miaka mingi aliweza kusema kwamba katikati ya kelele za sufuria alikuwa na Mungu sawasawa na alipopiga magoti kanisani. Mazungumzo na barua zake zilikusanywa baada ya kufa kwake, na kijitabu hicho kimesomwa na Wakristo wa madhehebu yote. Lakini wanaomtaja husahau kwamba alikuwa mtawa. Maisha yake yote kengele ilimwita kwenye sala kwa saa zake, na mwenyewe alieleza kwamba ile hali ya jikoni ilimgharimu miaka ya kuanguka na kuanza tena. Sisi twataka ghorofa kabla ya msingi. Anayesema kwamba husali saa zote tungemwuliza kwa upole: jana ulisali saa ngapi?

Hata Mtakatifu Paulo, aliyewaagiza Wathesalonike wasali bila kukoma, alikuwa Myahudi aliyelelewa katika saa za sala. Na Danieli, aliyekuwa mkuu wa serikali katika nchi ya ugeni, bila shaka na kazi nyingi kuliko zetu, alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yakielekea Yerusalemu. Tungependa mwone mambo mawili katika mstari ule. La kwanza, amri ya kumtupa katika tundu la simba ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi, naye alijua. Hata hivyo mwandishi anataja kwamba alishukuru. La pili, anataja kwamba alifanya kama desturi yake ya siku zote. Danieli hakuanza kusali siku ya simba.

Jambo hilo limetokea hapa hapa kwetu. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwashuku mapadre na walimu wa UMCA kwamba wako upande wa Waingereza, kwa sababu misheni yao ilikuwa ya Kiingereza. Wazungu wa misheni walizuiliwa, na Waafrika wengi, makasisi na walimu, walikamatwa wakatiwa minyororo. Padre Samuel Sehoza aliandika kitabu juu ya mateso hayo, nacho kilipigwa chapa London mwaka 1921. Jina lake ni Mwaka katika Minyororo. Ni katika vitabu vya kwanza ambamo mtu wetu alieleza kwa Kiswahili na kwa kalamu yake mwenyewe mambo yaliyompata. Waliofikishwa Tabora walikaa huko mpaka mji ulipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916.

Fikirini hali ya mtu aliyefungwa mnyororo mmoja na wenzake, akitembezwa kutoka nchi yake yenye mvua na migomba kwenda bara kavu. Hana kanisa, hana altare, hana kengele. Kitabu cha Sala aweza kunyang'anywa. Hata kupiga magoti ni shida, kwa maana akipiga yeye, na wenzake sharti wapige. Kilichobaki kwake ni kile alichokwisha kukizoea alipokuwa huru, pale ambapo hakuna aliyemlazimisha. Wale walikuwa walimu wa shule, ndugu zetu katika kazi. Walikuwa wamesimama kwa kengele ya saa sita miaka mingi, siku za kawaida ambazo hakuna jambo lolote lililotokea, na yamkini siku nyingi walisali huku wakiwaza posho. Lakini waliposhikwa kengele ilikwenda nao.

Bibi wa kitanda cha pili aliruhusiwa siku ya tisa. Alibebwa na wajukuu, akatuaga kwa kutushika mkono, akatuambia tumsalimie Padre. Kesho yake kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine, msichana wa kuumwa tumbo. Saa sita ikafika ikapita. Hakuna aliyetuuliza, nasi tulikuwa tukibishana kwa simu na fundi wa paa. Tulikumbuka saa saba na nusu tukiwa kwenye daladala, na haya ikatupanda pale pale katikati ya watu. Siku tano tulizosali pamoja naye tulidhani tumeanza kumthamini Mungu. Kumbe tulimpata mnyapara mwema tu.

Pingamizi la pili ni la unafiki. Ndugu mmoja alisema kwamba Bwana wetu amewalaumu wanaosali njiapandani ili waonekane (Mathayo 6:5–6), na mtu wa kusimama sokoni saa sita aonekana kuwa wa namna hiyo. Ni neno la kweli, nasi twashauri hivi: usisimame mahali pa kutazamwa, wala usipaze sauti. Mama wa meza ya dagaa aweza kushusha macho akiwa ameketi, wala mteja asijue. Kijana wa bodaboda aweza kuzima pikipiki dakika moja chini ya mwarobaini. Bwana alikataza kutafuta macho ya watu. Hatukuona mahali alipokataza saa.

Juu ya pingamizi la tatu, yaani kwamba hakuna nafasi, hatuna maneno mengi. Sala yenyewe haifiki dakika mbili.

Rudini sasa kwenye Kumbukumbu la Torati 6, mstari wa saba. Musa anawaagiza Israeli wayanene maneno ya Mungu kwa watoto wao wakati wa namna nne: wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiondoka kitandani. Mwalimu huona mara moja kwamba hiyo ni ratiba. Hekalu halikutajwa, wala sikukuu, wala kuhani. Imetajwa nyumba, njia na kitanda. Na kazi hiyo wamepewa wazazi. Tulipofika hapo tulijiuliza wajukuu wetu hutuona tukifanya nini tuamkapo, na tukaona heri tusiandike jibu katika gazeti la mtaa.

KAZI YA MWEZI. Mtu achukue karatasi na kuigawa kwa siku saba, na kila siku aiandikie nafasi tatu: asubuhi, mchana, jioni. Achague saa zake mwenyewe. Kama kengele ya kanisa haimfikii, atumie king'ora cha kiwanda, au adhana ya jirani, au simu yenyewe, maana hata hiyo yaweza kutubu. Saa ikifika aweke chini alicho nacho mkononi. Asianze na maombi ya shida zake. Akumbuke kwanza jambo moja alilolifanya Mungu, kubwa au dogo, amshukuru, kisha kama anayo shida aitaje. Akisahau asitie alama, wala asijaribu kulipa deni kwa kusali mara mbili jioni, maana hatulipwi kwa kipande. Katika mikutano ya nyumba kwa nyumba juma la mwisho la mwezi tusomane karatasi zetu bila kuchekana, na tuzungumze maswali haya mawili: Ni kazi gani iliyo ngumu kuiweka chini? Na tulipoiweka chini, ni kitu gani kiliharibika?

Sisi tumekwisha kujaribu, ili tusiwape wengine kazi ambayo hatukuifanya. Siku tatu za kwanza zilijaa alama, na tulijiona watu wazuri. Siku ya nne, Jumatano, mchana ulipita tukiwa benki katika foleni ya pensheni, na jioni umeme ulikatika, tukahangaika na taa. Tulikumbuka tumekwisha kulala, neti imeshushwa. Mama watoto alikumbuka wakati ule ule, akatugusa kwa fimbo yake. Tukaamka.